Jumba Rafiki la Mbelembele

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Mbelembele kwenye ramani. Haimo. Wachora ramani walikwenda mara mbili kuipima, mara zote mbili wakaambiwa wasubiri kibali, na inasemekana hadi leo wako mapokezi. Ni nchi yenye jua la kutosha, serikali ya kutosha, na mji mkuu uitwao Tangulia, ambao kwa miezi tisa ya mwaka una joto la kukaangia yai juu ya bati.

Katika mji huo aliishi mtu mmoja mnyoofu aitwaye Ngwali Mshamu, mkaguzi wa majengo daraja la tatu. Alikuwa kazini kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuandika kwenye fomu jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na hakuwahi kupandishwa cheo. Wenzake waliamini kwamba hilo la pili ndilo lililoleta hilo la tatu, lakini walikuwa na adabu, hawakumwambia.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Rais, ambaye kwa mujibu wa katiba huitwa Baba wa Maono, aliporudi kutoka ughaibuni kwenye mkutano mkubwa wa miji na mazingira. Redio ya taifa ilieleza kwamba huko Rais alisikiliza hotuba kumi na moja akiwa amefumba macho, ili lisimpite neno. Alipoguswa bega na kuambiwa zamu yake imefika, alisimama akaahidi kwamba ndani ya miaka miwili hakutakuwa na jengo hata moja mjini Tangulia ambalo si rafiki wa mazingira. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Rais alishangaa sana, kwa sababu nyumbani makofi hupigwa kwa ratiba. Akaahidi tena.

Siku nne baada ya kurejea kwake ikaundwa Wizara ya Majengo Rafiki. Siku ya tano akateuliwa waziri, Mheshimiwa Daktari Injinia Lukindo, mtu mnene na mcheshi aliyewahi kuongoza uvuvi, magereza na utamaduni, na kote huko aliondoka akiacha kila kitu kama alivyokikuta, isipokuwa samani. Siku ya sita ikatoka sheria. Kila jengo litakaguliwa na kubandikwa kibao mlangoni: cha kijani kwa jengo ambalo ni Rafiki, cha njano kwa jengo ambalo Linafahamiana na mazingira, chekundu kwa jengo ambalo ni Adui. Adui hubomolewa baada ya siku tisini.

Ngwali aliisoma sheria hiyo mara tatu, akanoa penseli zake.

*

Wizara ya namna hiyo haikuweza kukaa katika jengo la kawaida. Waziri Lukindo alitafuta kiwanja mji mzima, akakipata katikati ya Tangulia, kwenye bustani ya mikungu na miarobaini mia mbili na kumi na miwili, ambayo ilikuwa mahali pekee mjini ambapo mtu aliweza kukaa mchana bila kuungua. Miti yote ikakatwa ili kuyapisha mazingira.

Hapo likapanda Jumba Rafiki, ghorofa kumi na tisa za vioo vitupu. Hakuna dirisha lililofunguka, kwa kuwa dirisha likifunguka huingiza hewa ambayo haijakaguliwa. Upande wa mbele yalining'inizwa makopo elfu sita ya maua kutoka nchi za baridi, yakinyweshwa kwa pampu usiku na mchana. Juu ya paa zikalazwa sola mia tatu, nazo zilifanya kazi vizuri sana kwa majuma mawili, mpaka Kamati ya Sherehe ilipogundua kwamba abiria wa ndege wanaopita juu ya mji hawamwoni Rais. Ikashonwa picha ya Baba wa Maono ya turubai, yenye upana wa paa zima, ikatandazwa juu ya sola. Tangu hapo sola zikawa zinakusanya heshima badala ya umeme, na chini ya jengo yakafungwa majenereta mawili makubwa kama mabasi. Moshi wake ulitokea nyuma ya yale maua. Yalipokauka, wizara haikulala: iliajiri Afisa Majani, mwenye brashi, rangi ya kijani na wasaidizi wawili.

Ngwali hakuombwa kulikagua jengo hilo. Lilikuwa limepewa kibao cha kijani kabla ya msingi kuchimbwa, ili lijengwe kwa hamasa.

Alichopewa yeye ni jengo la ng'ambo ya barabara, Hospitali ya Wazazi ya Kisimani.

*

Hospitali hiyo ilijengwa na mafundi wa mtaani miaka sitini iliyopita, wakati ambapo nchi haikuwa bado na wataalamu. Kuta zake zilikuwa za udongo ulioshindiliwa na kupigwa chokaa, nene kama urefu wa mkono. Paa la vigae lilikuwa limeinuliwa juu ili joto lipate pa kutokea. Baraza pana ilizunguka pande zote nne, na katikati palikuwa na ua wenye birika la maji ya mvua. Mke wa Ngwali alijifungulia humo watoto wanne, na mara zote nne Ngwali alisubiri kwenye baraza hiyo hiyo akijifanya anasoma gazeti.

"Karibu, Bwana Mkaguzi," alisema Bi Arafa Chituta, mkunga mkuu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mwenye mikono mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwaamuru watu wanaopiga kelele. "Kaa huku, kuna upepo."

"Ahsante, Bi Arafa. Tuanze na kipengele cha kwanza." Ngwali alikohoa. "Jengo limepunguza umeme wa kupozea hewa kwa asilimia ngapi?"

"Sisi hatuna kiyoyozi hata kimoja. Hatujawahi kuwa nacho."

"Kwa hiyo hamjapunguza."

"Nipunguze nini, bwana, nami sina?"

"Sifuri," alisema Ngwali kwa huzuni, akaandika sifuri.

Bi Arafa aliichungulia fomu. "Na ningekuwa navyo?"

"Mngefunga ishirini, kisha mkazima kumi na viwili, mngekuwa mmepunguza asilimia sitini. Hizo ni alama nyingi sana."

Bi Arafa alimtazama kama anavyowatazama waume wanaokuja kuuliza iwapo uchungu unaweza kusogezwa hadi Jumamosi.

"Kipengele cha pili," Ngwali aliharakisha. "Mimea."

"Hiyo tunayo. Tazama ule mkungu, na mlimao, na ile mipapai kule nyuma inayotupa kivuli wodini."

"Imepandwa wapi?"

"Ardhini! Mti hupandwa wapi?"

"Fomu inauliza mimea iliyotundikwa ukutani. Iliyo ardhini ni ya ardhi, na ardhi ina wizara yake." Akaandika sifuri. "Cha tatu. Vifaa vya ujenzi vilitoka wapi?"

"Hapo." Bi Arafa alinyoosha kidole uani. "Palipochimbwa udongo ndipo penye birika sasa, na udongo wenyewe ndio huu ukuta unaoegemea."

"Mna hati za kuuingiza nchini?"

"Udongo wa hapa hapa?"

"Bila hati, fomu inauita 'nyenzo isiyojulikana ilikotoka'."

Wakaenda hivyo hadi kipengele cha arobaini. Mwishoni Hospitali ya Kisimani ilipata alama nne kwa mia, zote nne kwa ajili ya ndoo ya mchanga iliyotundikwa mlangoni kwa ajili ya moto. Ngwali alizijumlisha mara mbili akitumaini amekosea. Kisha alilegeza ukosi wa shati, upepo ukimpapasa shingo. Chini kabisa ya fomu palikuwa na nafasi ndogo iliyoandikwa Maoni ya Mkaguzi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akiipita kama mtu apitavyo nyumba ya watu. Siku hiyo aliandika humo: *Humu ndani hamna joto.*

Halafu akatoa kibao chekundu, akapanda ngazi kukipigilia juu ya mlango. Ngazi iliyumba, na Bi Arafa akaja akamshikia mwenyewe.

"Taratibu," alisema. "Usije ukaanguka. Nina vitanda kumi na vinane, na vyote vina wenyewe."

Jioni mkewe, Bi Mwanamkasi, alimpakulia wali akamuuliza siku ilikwendaje. Ngwali akamweleza.

"Umekibandika wapi hicho kibao?"

"Juu ya mlango wa mbele."

"Mlango niliotokea na mwanetu Shamte mkononi?"

Wali ulipoa.

*

Kesho yake aliitwa ghorofa ya kumi na nane, ambako Waziri Lukindo alikuwa ameketi mbele ya fomu ile, amevaa koti zito kwa sababu ya viyoyozi.

"Bwana Mshamu, nani amekuruhusu kuwa na maoni?"

"Pana nafasi, Mheshimiwa. Imeandikwa Maoni."

"Nafasi ile ni ya mapambo! Ukurasa ulibaki mweupe chini, mchapaji akaona haupendezi. Na haya maneno gani, 'hamna joto'? Joto umelipima kwa chombo gani?"

"Kwa shingo, Mheshimiwa."

Alipewa barua ya onyo yenye kurasa sita. Ngwali aliitia sahihi kuthibitisha kwamba ameonyeka.

*

Siku ya themanini na mbili, siku nane kabla ya Kisimani kubomolewa, Jumba Rafiki lilifunguliwa rasmi. Wageni mia nne, wakiwemo wataalamu kutoka nchi za nje, walipandishwa kwa lifti hadi ukumbi wa ghorofa ya kumi na tisa. Ngwali aliwekwa chini mlangoni kuhakikisha kila mgeni ana kitu cha kijani mwilini.

Kwa heshima ya tukio hilo, wizara ilikuwa imetangaza siku hiyo kuwa Siku ya Hewa Safi, na magari yote yatoayo moshi yalikatazwa kukaribia jengo. Amri ilitekelezwa kikamilifu. Saa tano na robo asubuhi, lori lililokuwa likileta dizeli ya majenereta lilizuiwa na polisi kona ya tatu, dereva akaandikiwa kosa.

Saa tano na nusu Waziri Lukindo alikuwa kwenye kilele cha hotuba.

"Waheshimiwa wageni! Wengine wamejenga majengo ya kuishi. Sisi tumejenga jengo linaloishi! Linafikiri! Linahisi! Hata sasa linajua kwamba mmefika, na linafurahi!"

Hapo majenereta yakanyamaza. Taa zikazimika, lifti zikasimama, viyoyozi vikashusha pumzi ya mwisho. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu juzi na hakuna aliyeutegemea. Milango ya ngazi ilikuwa ya kadi, na kadi ilihitaji umeme. Jua la kuelekea saa sita lilikuwa linapanda juu ya vioo vya pande nne, na watu mia nne wakawa ndani kama miche ndani ya chupa.

Hotuba iliendelea bila kipaza sauti. Dakika ya ishirini wageni walivua makoti. Dakika ya thelathini walivua tai. Dakika ya arobaini mtaalamu mmoja wa kigeni alisimama, akasema neno kwa lugha yake, akaanguka. Waliokuwa nyuma walidhani anapongeza, wakapiga makofi.

Ngwali alisikia wakigonga vioo kule juu, kwa mbali, kama mvua ndogo. Alivuka barabara mbio.

"Bi Arafa! Kuna watu wamefungiwa. Wengine wanaanguka."

"Mlango unafungukaje?"

"Kwa kadi."

"Na kadi ikigoma?"

"Unaomba kwa maandishi."

Bi Arafa hakuuliza zaidi. Alichukua mtaimbo uliotumika kuinulia mfuniko wa mtaro wa birika, akavuka barabara na manesi watatu nyuma yake. Alipousimamisha mbele ya mlango wa ngazi, Ngwali aligeuka akafumba macho, kwa sababu alichokiona kwa macho yake angelazimika kukiandika. Akasikia mapigo matatu. Alipofumbua, mlango haukuwepo.

Mlango wa ukumbini nao ukafuata, na wageni wakateremka ghorofa kumi na tisa kwa miguu, wengine wakibebwa. Walilazwa barazani Kisimani, wakapewa maji ya limao, wakapepewa na wajawazito. Waziri Lukindo aliwekwa kwenye kitanda cha kujifungulia, kwa kuwa ndicho pekee kilichoweza kuhimili uzito wake. Baada ya robo saa alifumbua macho. Upepo ulikuwa ukiingia kutoka kwenye mipapai, ukipita juu ya maji ya birika, ukimfikia usoni.

"Kiyoyozi hiki," alisema kwa sauti dhaifu, "ni cha kampuni gani?"

"Ni dirisha, Mheshimiwa," alisema Bi Arafa.

"La kampuni gani?"

*

Siku iliyofuata waziri alikuja na waandishi wa habari, akapanda ngazi, akakibandua kibao chekundu kwa mikono yake na kubandika cha kijani. Ngwali, aliyekuwa ameshika ngazi, nusura aiachie apige makofi. Bi Arafa alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha waziri akageukia kamera.

"Jengo hili ndilo rafiki mkubwa kuliko yote nchini. Nami najiuliza: je, ni haki jengo bora kabisa likae bila Wizara ya Majengo Rafiki ndani yake? Si haki! Kwa hiyo wizara inahamia hapa Jumatatu. Na wazazi wetu wapendwa, ambao wamebanwa katika vyumba vya udongo kwa miaka sitini, wanapewa Jumba Rafiki lote. Ghorofa kumi na tisa! Nani kama mama?"

Makofi yalipigwa, maana yalikuwa kwenye ratiba.

Ikawa hivyo. Wizara ilihamia Kisimani pamoja na majenereta yake mawili. Juma la kwanza maafisa waliziba baraza zote kwa vioo, kwani haikufaa mgeni wa serikali apigwe na hewa ovyo. Juma la pili joto likawashinda, wakafunga viyoyozi ishirini. Juma la tatu walizima kumi na viwili, wakapokea tuzo. Mipapai ilikatwa kwa sababu ilizuia vioo kuonekana.

Wazazi wakawekwa ghorofa ya tatu ya Jumba Rafiki, kwa kuwa lifti hazikufanya kazi na hakuna mwenye uchungu aliyeweza kupanda zaidi ya hapo.

Mwezi mmoja baadaye Ngwali alitumwa kukagua kama wazazi wanaishi na jengo kirafiki, hususan kama wanaacha alama za vidole kwenye vioo. Alipanda na fomu yake. Alipofungua mlango wa wodi, joto lilimgonga usoni kama mtu. Wanawake walikuwa wamevihama vitanda na kulala sakafuni, wakitafuta ubaridi wa vigae. Mmoja, aliyejifungua alfajiri ile, alikuwa amelalia ubavu, midomo imekauka, akimpepea mwanawe kwa ganda la kadi ya kliniki. Mtoto alikuwa mwekundu, kifua kikipanda na kushuka upesi upesi. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililomtisha Ngwali.

Bi Arafa alikuwa amepiga magoti kando yake na beseni la maji. Alikuwa amekonda.

"Tumepoteza mmoja juzi," alisema bila kuinua uso. "Sijui kama fomu yako ina mahali pake."

Ngwali aliitazama fomu. Haikuwa na mahali. Aliigeuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa alichokiona: wanawake kumi na sita, watoto kumi na wanne, joto, hakuna dirisha. Aliandika tarehe, akatia sahihi. Halafu akampa Bi Arafa karatasi hiyo.

"Ifanye pepeo," alisema. "Ule mtaimbo uko wapi?"

Bi Arafa aliinua uso. Akaonyesha nyuma ya mlango.

Ngwali alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Aliwaomba akina mama wasogee upande wa pili na kuwafunika watoto. Kioo kile kilikuwa na dhamana ya kustahimili kimbunga. Kilistahimili mapigo kumi. La kumi na moja likakipasua juu hadi chini, vipande vikaanguka barabarani kwa kelele kubwa. Hewa haikuingia. Ngwali alijua kwa nini, alikuwa mkaguzi. Akavuka wodi akaanza upande wa pili, mikono ikitoka damu, ili upepo upate njia ya kupita. Kioo cha pili kilipoanguka, mashuka yaliyokuwa yameanikwa kwenye kamba yakainuka yote kwa pamoja.

Yule mama wa sakafuni aliacha kupepea. Baada ya muda mtoto wake akakunja uso, akafungua kinywa, akalia kwa sauti kubwa ya hasira, na wodi nzima ikacheka huku inalia.

*

Ngwali alikamatwa saa hiyo hiyo kwa kosa la kujeruhi jengo rafiki.

Wiki ya pili ya mahabusu yake, wataalamu wa kigeni walirudi kuona jinsi Jumba lilivyotumika. Walipofika ghorofa ya tatu walisimama kwenye yale matundu mawili, wakafumba macho kwa raha, wakamuuliza Waziri Lukindo ni nani aliyebuni jambo la busara kama lile. Waziri hakusita hata kupepesa jicho.

"Huo ni Mfumo wa Taifa wa Matundu Makusudi," alisema. "Nilikuwa nao kichwani tangu utotoni."

Hapo kesi ikawa ngumu. Hakimu alishindwa kumfunga mtu kwa kutekeleza mfumo wa taifa, na alishindwa pia kumwachia mtu aliyevunja kioo cha serikali. Akaamua kwamba Ngwali hana hatia, na kwamba asirudie. Wizara ilimfukuza kazi kwa barua ya kurasa tisa. Waziri alipewa nishani.

Bi Arafa ndiye aliyempokea langoni mwa mahabusu, na habari kwamba wodi sasa inakalika, na kwamba yule mtoto wa sakafuni amepewa jina la Ngwali, ingawa ni msichana.

Hakukaa bure siku nyingi. Jioni moja meneja wa benki kuu alimjia nyumbani kwa mlango wa uani, akanong'ona kwamba ofisini kwake ni tanuri na kama Bwana Mshamu angeweza kupita na ule mtaimbo, kimya kimya. Akafuata msajili wa ndoa, kisha mkuu wa posta, kisha yule hakimu. Mji mzima wa Tangulia ulikuwa umezibwa kwa vioo kwa kuiga Jumba Rafiki, ili upate vibao vya kijani, na hakuna aliyethubutu kutoa malalamiko. Ngwali alikwenda, akapiga, akarudi. Bi Mwanamkasi alimfunga vitambaa mikononi na kumpakulia wali, naye akaumaliza.

Halafu likaja gari jeusi.

Bi Mwanamkasi alimfungia kanzu na blanketi, akiamini anapelekwa kusikorudiwa. Walimwambia abebe na mtaimbo, wakampitisha mageti saba. Walimfikisha kwenye chumba kikubwa chenye mapazia ya zari, na hapo, sakafuni, akiwa na fulana na amekunja suruali hadi magotini, alikuwa ameketi Baba wa Maono.

"Umeme umekatika," alisema Rais. "Hapa ndani pamezibwa miaka ishirini na miwili, watu wa usalama walisema ni bora. Wewe ndiye yule wa matundu?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Basi piga. Usimwambie mtu."

Ngwali alipiga. Kioo cha Ikulu kilikuwa kinene kuliko vyote, na alipokitoboa lilitokea tundu la ukubwa wa sinia. Upepo ukaingia. Rais alisogea, akaweka uso wake pale, akatabasamu kama mtu aliyepewa maji. Kisha tabasamu likaganda.

"Sauti gani hizo?"

"Watu, Mheshimiwa. Barabarani."

"Wapo hapo kila siku?"

"Kila siku."

Rais alitega sikio. "Huyo mwanamke anasema nini?"

"Anasema maji hayajatoka, leo siku ya sita."

"Na huyo anayemjibu?"

Ngwali alisita. Lakini alikuwa mtu asiyejua kuripoti kitu kingine zaidi ya kile alichokikuta.

"Anamwambia anyamaze, asijichoshe. Humu hakuna anayesikia."

Upepo uliendelea kuingia, mzuri, wa baridi, na maneno yakaendelea kuingia pamoja nao: bei ya unga, mgonjwa aliyerudishwa, mtu anayemtafuta nduguye. Jasho lilikuwa limemkauka Rais usoni, lakini alionekana mgonjwa kuliko alipokuwa akitokwa nalo.

"Bwana Mshamu," alisema hatimaye, "upepo uache. Hayo maneno uyazibe."

"Tundu ni moja, Mheshimiwa. Vinapita pamoja."

"Basi lizibe lote."

Ngwali aliufuta mtaimbo wake kwa kitambaa, akauweka begani.

"Mimi fundi wa kutoboa tu, Mheshimiwa," alisema kwa heshima zote. "Wa kuziba unao wengi. Wamejaa hapo nje mlangoni."